Kikohozi cha Tano Biokemia

Darasani mwangu wapo hamsini na wawili.
Mabenchi ni ya watu watatu, wanakaa wanne,
wa mwisho huandika goti likiwa njiani.
Benchi la dirishani, lile linalotazama ziwa,
anakaa mmoja.

Nikifungua daftari la majina
nasoma vizuri hadi Mugaruka,
halafu napunguza sauti, naharakisha,
kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye mbwa:
Murhula Bisimwa,
na darasa zima linakohoa.

Si kikohozi cha vumbi. Vumbi la Kadutu nalijua.
Hiki kina kiongozi na waitikiaji,
huanzia nyuma, kikashuka benchi kwa benchi
hadi kwa wale wapole wanaobeba Biblia.
Neno lenyewe hawalitamki mbele yangu.
Huliandika ubaoni kabla sijaingia,
nami hulifuta, nikaandika tarehe juu ya ukungu wake,
nikaanza: asidi na besi.
Nilidhani kufuta ni kazi.

Desemba, baraza la walimu, mvua juu ya mabati,
umeme umekatika, prefe kashika tochi ya simu.
Tumefika kwenye alama za mwenendo.
Murhula kampiga mwenzake kwa rula ya chuma.
Mwenzake alikuwa kamtupia mkoba korongoni;
hilo halimo katika ripoti.

Mwalimu wa michezo: "Utani wa vijana.
Sisi tuliitwa kila jina, na tazama, tuna ndevu."
Mama Nabintu wa dini: "Mimi namwombea kila usiku.
Ila nikimtetea mchana, wataniuliza namtetea kwa nini."
Mkuu wa nidhamu akafunua kanuni, ukurasa kwa ukurasa:
kuchelewa, kuiba, mimba, simu.
"Kukohoa hakumo."
Prefe: "Wazazi ndio mshahara wetu, jamani. Tusonge mbele."
Mtu akasema gizani, sikuona nani,
"Na yeye naye apunguze kutembea vile."
Tukacheka.
Nimeandika tukacheka.

Ndipo Cishugi, kijana wa hesabu, yuko mafunzoni bado,
hana hata haki ya kupiga kura katika baraza lile,
akasema akitazama meza:
"Mimi nilisoma hapa. Nilikuwa nakohoa.
Tulikuwa na wetu, akiitwa Ombeni.
Alihama muhula wa pili. Tulisema tumeshinda.
Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza
tuna ugonjwa gani."

Mvua ikaongea peke yake.
Prefe akasubiri kidogo, kwa heshima,
kisha akauliza: "Basi, tuandike nini?"
Tukaandika: mbaya.
Saini yangu ni ya tatu kutoka juu. Inasomeka.

Januari nikafungua daftari.
Mugaruka. Yupo.
Murhula Bisimwa, nikasema, taratibu, kama majina mengine,
na kikohozi kikaja, nami nikaweka kalamu chini.
"Endeleeni. Mkimaliza nitaanza tena."
Wakakohoa. Wakakohoa kidogo.
Mmoja akakohoa, akajisikia yuko peke yake.
Nikalisoma tena.
"Nipo," akajibu. Sauti imeshabalehe, nzito.
Sikuwa najua.

Sitaki mtu anipigie makofi.
Kengele ilipolia alibaki, akifunga mkoba
wenye mkanda ulioshonwa kwa uzi wa bluu,
akaniuliza bila hasira, kama anayeuliza ukurasa gani:
"Mwalimu, tangu Septemba.
Kwa nini leo?"

Nilikuwa na kifutio mkononi.
Nikageuka nifute ubao.
Haukuwa na kitu.